Muguu Mumoja Mbele ya Tata

Siku ya kazi mbili, 10/6
Sale kubwa ya parokia, fasi ya mazoezi yetu, saa kumi na mbili asubui. Baridi ya mwezi wa sita, magoti inalia. Nimekunja magoti mara makumi ine nikishika bomba ya ukuta, njo jasho ikatoka. Mama Odette, mwalimu wetu wa baleti, amenipiga kofi ku mugongo: eti nabeba mabega sawa mutu wa gunia. Ana haki. Muchana mi niko soudeur, nachomelea milango ya kamio, magari ya mizigo.

Ametangaza habari. Siku ya posho, tarehe 14, batu babili ba kundi moja kubwa ya baleti ya Lubumbashi banakuja kutuangalia. Batachukua mutu mumoja tu. Mi ao Sifa, mwenzangu wa mazoezi. Niko na miaka makumi mbili na saba. Nikikosa hii, ni basi.

Siku ya kazi ine, 12/6
Nimechoka. Kamio tatu leo, nimepiga magoti siku muzima.

Nimemuomba Tata, baba yangu, aje siku ya posho. Yeye alitumika mu mine mupaka pension, sawa babu yetu mwenye baliletaka toka Kasai kutumika humo. Juu ya baleti hajasema neno tangu nianze. Si mubaya, si muzuri. Hiyo kimya inaniuma kupita matusi. Amejibu ataona.

Siku ya kazi tano, 13/6
Mwisho wa muchezo wangu: kusimama juu ya bidole bya muguu mumoja, hesabu munane, bila kutingika. Nimejaribu mara kumi. Nimeanguka mara tatu. Mama Odette anasema uso isionyeshe kazi. Hapo njo pagumu. Kuruka ni nguvu tu. Kusimama ni kichwa. Ndani niko nalia, inje niko sawa mutu anangoja chai.

Sifa haanguke. Namuonea wivu. Haya, nimeandika.

Posho, 14/6
Niandike sawasawa, mbele ya kichwa kupoa.

Sale ilijaa. Niliruka muzuri, ata mi mwenyewe nilishangaa. Kisha hesabu. Moja, mbili. Muguu imara. Tatu. Nikaona Tata anasimama ku benchi ya mbele. Anapanda jukwaa na koti yake ya kanisa, kitambaa mu mukono.

Kwetu Bakasai, mutu akicheza muzuri, unamufuata palepale anapocheza, unamupanguza jasho. Ni heshima kubwa. Nilimualika Tata, sikumueleza kama ku baleti bale banaangalia banabaki banaikala ku benchi. Haikunipita ku akili. Hiyo ni kosa yangu.

Tata ni mufupi. Mi juu ya bidole, uso kule juu. Akanyoosha mukono, haikufika. Ine. Tano. Ningeweza kubaki, naapa. Lakini utaacha mukono wa baba yako unabaki hewani, batu bote banaangalia?

Nikashuka toka ku bidole. Nikainamisha kichwa. Akanipanguza uso, mashavu, shingo, polepole. Bamama bakapiga bigelegele mupaka inje. Bale babili ba Lubumbashi bakaandika kitu.

Siku ya Mungu, 15/6
Bamechukua Sifa. Mama Odette ameniambia kisha misa. Balipenda kuruka kwangu. Mwisho wa muchezo, balisema, habakuiona.

Nimelia mu choo sawa mutoto. Niko na kasirani juu ya Tata. Halafu napata haya juu ya hiyo kasirani.

Siku ya kazi mbili, 17/6
Sikuenda mazoezi. Nilikaa inje, ku jua. Tata akakuja, akaikala pembeni yangu. Alikuwa amesikia kama ni Sifa anaenda. Kisha akauliza, macho chini:

"Mwana wangu, ni mi nilikuharibishia?"

"Hapana, Tata. Muguu ilichoka."

Akaniangalia kidogo. Akasema pole, nipumuzike, muguu ni ya kutunza. Akaingia mu nyumba.

Muguu haikuchoka. Naandika hapa, sababu hakuna fasi ingine nitaisema.