Dola Zilirudi, Ninyi Bado

Mjukuu wangu Imani,

Huku Mafinga hatujambo, ila baridi imezidi. Babu yako, ambaye ni kaka yangu, amepona kikohozi na anakusalimu. Usicheke kuitwa mjukuu na mimi, msichana wa kidato cha tano. Ndivyo ukoo ulivyotupanga.

Umeniuliza kwa nini mlihamia Mbeya. Mwaka ule msumeno mkubwa wa kiwanda cha mbao ulivunjika. Mpya ulipaswa kuagizwa nje, lakini benki ilimwambia mwenye kiwanda asubiri, dola zimeadimika. Kazi ikasimama, na baba yako na wenzake pale kiwandani wakakosa mshahara. Baba yako akaniuliza, "Shangazi, wewe msomi, hizo dola zimekimbilia wapi?"

Nikajibu nikitazama chini, "Nchi imelipia mafuta na mbolea kwa mkupuo, na tumbaku na parachichi bado hazijauzwa. Zikiuzwa, zitarudi."

Akacheka. "Kwa hiyo watoto nao wale baada ya tumbaku?"

Nilikuwa sahihi, Imani, na sikumsaidia kitu. Ilikuwa kama kihenge chetu cha mahindi mwezi wa pili: ndani kunakaribia kuwa kutupu, na shambani mahindi bado mabichi. Nchi haikufilisika, ilikuwa haijavuna. Lakini ninyi mlihitaji kula wiki ile ile, mkapanda basi.

Msumeno ulifika miezi miwili baadaye. Nausikia kila nikitoka shule. Natamani siku ile ningemwambia baba yako, "Subirini hapa kwetu, tutakula pamoja." Nilimweleza habari za dola tu.

Mwambie sasa kwamba chumba mlichokuwa mkilala hapa nyumbani hatujampa mtu.

Bibi yako mdogo,
Tumaini