Vizibo Vilivyoiponya Klachi

Kerenge, Korogwe
Jumanne jioni

Mke wangu Mama Zuhura,

Kabla ya yote nakuuliza habari za mgongo wako, kama umepoa tangu mmalize kupalilia. Mimi mzima, ila vidole vimekuwa vyeusi kwa oili na sabuni imeshindwa.

Barua yako nimeipata. Umeniuliza: nisipofika Ijumaa, je, mdogo wangu Salimu akae mahali pangu awe walii wa binti yetu siku ya ndoa? Jibu ni hapana. Naja mwenyewe. Pikipiki imepona, na moyo wangu umetua. Nikueleze ilivyokuwa, maana najua utaniuliza, na usiponiuliza nitakueleza vilevile.

Klachi ndiyo inayoshikanisha nguvu ya injini na gurudumu. Ndani yake mna sahani za chuma zilizopangwa kama sahani zako za wali. Baadhi zina matundu, na kila tundu limejazwa kipande cha kizibo, gome lile jepesi linalozibia chupa. Springi zikizibana sahani, vizibo vinashika na pikipiki inakwenda. Yangu ilianza kuteleza: injini inapiga kelele, gurudumu linajivuta tu.

Nilipoifungua nikakuta kila kitu kimelowa oili. Nami, dresa wa miaka yote hii, mfunga vidonda vya watu, nikafanya kama nifanyavyo kwenye kidonda kilicholowa. Nikamwaga oili yote, nikafuta kwa pamba, nikakausha, nikafunga. Nilijiona nimefanya kazi safi sana. Kesho yake nikashika njia ya Korogwe, na nilipofika Kwamndolwa nikasikia harufu ya kuungua. Kumbe klachi ya namna hii imeundwa iishi ndani ya oili, na oili ndiyo inayoipoza. Vizibo vilikuwa vimegeuka mkaa.

Nikaisukuma hadi mjini. Mwenye duka la vyuma, Mhindi mmoja mpole, alizitazama sahani akatikisa kichwa.

"Mzee, hizi mpaka ziagizwe Mombasa. Mwezi ujao, labda."

Na ndoa ni Jumamosi hii. Lori la kuja huko lipo, ndilo litakalokuletea barua hii, lakini hulala Handeni mpaka lipate mzigo wa kurudi nao, nami Jumatatu wagonjwa watakuwa mlangoni. Nilirudi Kerenge juu ya gari la mkonge, pikipiki imelala ubavuni mwangu, na njiani nilikuwa nimeshaanza kuyatunga kichwani maneno ya kumpa Salimu uwakilishi.

Nilipoingia ndani nikaiona chupa ya asali mezani, na kizibo chake.

Nikang'oa vizibo vya chupa zangu zote, asali na mafuta ya taa nikaziba kwa magunzi ya mahindi. Bado havikutosha. Hapo akaingia Mama Hoza, jirani anayetumia dawa ya kifua. Ujue hapa kila mgonjwa huja na chupa yake, nami huwagombeza wanaoiziba kwa gunzi, kwa kuwa gunzi huoza, kisha huwapa kizibo.

"Bwana Dresa," akasema, "kumbe gunzi ni chafu kwangu tu."

"Mafuta ya taa hayanywewi, mama."

"Na hiyo asali?"

Nikamweleza habari ya klachi na ya ndoa. Akatoka bila kuaga. Jua halijazama akarudi na vizibo ndani ya upindo wa kanga, vingine vinanuka dawa yangu mwenyewe. Alikuwa amepita nyumba kwa nyumba kwa wagonjwa.

"Mwambie bi harusi kikohozi chote cha Kerenge kimo humo," akasema.

Nikavikata kwa wembe, nikaviloweka katika maji moto vilainike, nikavisukuma kimoja kimoja kwenye matundu. Fundi seremala Shemdoe, Msambaa, mtani wangu, akaleta msasa.

"Mzigua, uza chuma hicho ununue punda. Punda hana klachi."

"Na nikikuuza wewe nitapata punda wangapi?"

"Kwa uzito huu? Wawili, na chenji."

Shida ni kwamba vizibo vyote sharti vilingane kimo. Kimoja kikizidi, mzigo wote hukiangukia hicho, nacho kitaungua. Basi tuliulaza msasa juu ya kioo, tukazisugua sahani taratibu mpaka zikawa sawasawa, kisha nikazilaza ndani ya oili zinywe zishibe. Springi nazo zilikuwa zimechoka, kwa hiyo chini ya kila nati nikaweka senti yenye tundu, nililolipanua kwa tupa, ili zibane zaidi. Shemdoe akalitazama jina la Mfalme lililochorwa kwenye senti, akauliza kama mwenyewe anajua kuwa limo ndani ya oili.

Leo asubuhi nikampakia yeye huyo nyuma, tukaupanda mlima wa misheni. Mkono wa kushoto unauma kidogo kwa ugumu wa springi, lakini haikuteleza hata pale penye mawe. Juu kabisa mtani wangu alishuka, akapangusa jasho kana kwamba yeye ndiye aliyepanda kwa miguu.

"Basi nenda ukamwozeshe mtoto," akasema.

Mama mkwe mpe shikamoo yangu. Mdogo wangu Salimu mwambie nimeshukuru kwa kuwa tayari, na kanzu avae hivyo hivyo. Binti yetu mwambie baba yake anakuja. Wewe nikusanyie vizibo vya chupa huko Kwaluguru, kila utakachoona, kwani chupa za wagonjwa wangu zote sasa zimezibwa kwa magunzi na sina uso wa kumgombeza mtu.

Ijumaa alasiri tega sikio upande wa kilima cha kisimani. Ukisikia injini inalia kwa sauti nyembamba wala haikaribii, hiyo inateleza, mwambie Salimu ajiandae. Ukisikia sauti nzito inayokuja moja kwa moja, usimwambie mtu neno. Nitengee maji ya kuoga.

Ni mimi mumeo,
Baba Zuhura