Filimu ya Papa Haitafika kwa Hitma

Goma, mtaa wa Mapendo

Mama yangu mupenzi,

Assalam aleikum. Miguu inaendelea aje? Dada yangu Yaya Salima aliniambia maumivu yamekurudilia, na bado unaamka kutwanga wewe mwenyewe. Mama, acha hiyo kazi! Sisi huku tunapumua tu. Watoto ni wazima, na mama yao, bibi yangu, anakusalimia sana.

Uliniomba ile filimu yenye Papa, marehemu bwana yako, alicheza, muitazame pamoja siku ya hitma yake ya mwaka. Juma mbili nimeogopa kukuandikia. Mama, haiko tena.

Unajua kamera na ordinatere yenye kundi letu lilitengenezea filimu viliibwa siku tulikimbia vita. Kopi ilibaki kwa mutu mumoja tu, yule wa soko mwenye kuwekea watu filimu ku flashi za kuchomeka ku televizyo. Nilipofika akaniambia: "Zenu nilizifuta zote. Nilihitaji nafasi ya filimu za inje ya inchi."

Nikamutukana mbele ya wateja wake. Hakukasirika hata. "Kaka, hizi zinaingia kwa mupaka wa Bunagana kila juma. Zilikwisha kurudisha gharama huko kwao, hapa wanaziachilia kwa bei ya karanga. Yako nitamuuzia nani?"

Iliniuma kwa sababu ni kweli. Sisi tulikuwa tunalisha watu kumi na tano juma nzima mbele ya kuuza hata kopi moja. Tushindane na wale na nini? Wateja wanafurahi, sitawalaumu. Lakini Mama Furaha, mwenye kutupikia fufu, sasa anauza makala ya kupikia. Fundi mwenye kushona nguo za wachezaji anabeba kabichi kutoka Kibumba. Kundi letu limekufa, Mama, na hakuna mutu alikuja kwa matanga.

Na mimi? Ninatafsiri hizo hizo za inje. Tajiri mumoja ananipa mikro, ninasema sauti zote peke yangu: ya bibi harusi, ya mwizi, ya polisi. Haya inanishika, lakini watoto wanakula.

Papa alicheza baba ya bibi harusi, nilikuelezea? Tulimwambia akubali mbuzi tatu za mahari. Yeye akasahau kama ni mchezo, akapiga meza: "Ng'ombe, ao murudi kwenu!" Tulicheka mpaka kamera ikatikisika. Ni hiyo ulitaka kuona, na ni hiyo mimi sikuchunga. Unisamehe, Mama.

Unisalimie Yaya Salima, na shangazi mwenye kukuchotea maji, na maalimu atakayesoma hitma.

Idi, yule mufanyabiashara wa kwetu, anakuletea flashi pamoja na barua hii. Ndani kuna hadithi ya watu wa mbali, hamutajua hata inchi yao. Lakini kuna muzee mumoja mwenye kofia. Akianza kusema, ufumbe macho. Nilimupa sauti ya Papa, na kile kikohozi chake.

Mutoto wako,
Ramazani