Jerikeni Yenye Kitambaa Chekundu

Baba yangu,

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha tuliyorudi nayo kutoka ukimbizini Kenya, kwa sababu ndiyo uliyotumia ukitaka kunigombeza. Nigombeze leo. Nimeharibu.

Unakumbuka asubuhi zetu pale kisimani, mtaani kwetu Lemon Gaba? Wewe ndiye mwenyekiti wa pampu, lakini jerikeni yetu yenye kitambaa chekundu kwenye kishikio iko mwisho wa foleni kila siku, na mimi nachelewa shule. Watu wakiivuta mbele kwa heshima, unairudisha mwenyewe, unacheka: "Wacha hapo. Nikiwa mbele, nitajuaje kama maji imefika nyuma?" Lo, nilikuona mjinga, baba. Nisamehe.

Ulipotuacha, wakanichagua mimi. Wiki ya kwanza tu, jirani yetu Mama Keji akaibeba ile jerikeni akaiweka mbele kabisa. "Mwenyekiti hapangi laini," akasema. Nilikuwa nachelewa kazini, nikachota nikaondoka. Siku moja tu, nikajiambia. Zikawa nyingi.

Wakafuata wengine. Shemeji wa chifu, mke wa askari, kila mtu na sababu yake. Nikimzuia mmoja ananiuliza, "Na yako je?" Nampisha.

Kiangazi hiki maji yanakatika mapema. Jumanne yalikatika Habuba Poni akiwa bado amesimama na jerikeni tupu, yule bibi uliyekuwa ukimtwika maji kila siku. Alikuwa amefika wa pili, baba, wa pili! Akaniambia, "Malesh, binti yangu, si kitu," akaenda zake. Afadhali angenitukana.

Leo nimeiweka jerikeni mwisho. Nimegeuka kumsalimia mtu, wameshaipitisha mbele, mkono kwa mkono, wakicheka: "Mheshimiwa, usituaibishe." Nimeirudisha, wameileta tena. Nimepiga kelele mpaka nimelia mbele ya watu. Wakadhani nakulilia wewe. Wakanipa pole, wakanijazia.

Nimeibeba moja kwa moja hadi kwa Habuba Poni. Ametazama kile kitambaa chekundu, jerikeni yenyewe hata hakuigusa.

"Hii ya mwenyekiti," amesema, kwa upole kabisa. "Mimi iko na laini yangu."

Amefunga mlango. Nimesimama pale nje na maji yangu, sijui niyapeleke wapi. Ulikaaje kule nyuma miaka yote hiyo, baba? Mimi njia ya kurudi siioni.

Binti yako,
niliye mbele ya foleni