Sentensi Niliyoikata

Barabara ya Mierezi
Jumapili, 10 Novemba

Kwako dada Lynette,

Salamu nyingi sana. Natumaini umeamka salama na kwamba kifua cha Mzee kilimpa nafasi ya kulala jana. Goti lako je, lile ulilojigonga kwenye ngazi ya basi la shule? Mimi mwili mzima, kula nakula, kazini naenda. Ila dada, nimekukosea. Naliandika hili juu kabisa kabla mkono haujabadili nia. Nimekukosea wewe, nimemkosea Bernadette, na Mzee pia nimemkosea na hata hajui. Tafadhali usiikunje barua hapa. Soma mpaka chini. Nikija kukwambia kwa mdomo nitakimbia katikati, unanijua.

Hata sasa sikai. Nimeinuka hapa mezani nikaenda kukagua tairi ambalo halina tatizo lolote. Nimechemsha kahawa nikaisahau mpaka ikaungua, na nyumba nzima inanuka. Mbwa ananitazama kama mgeni. Wiki nzima ndivyo nilivyo, nikikaa natamani kusimama, nikisimama sijui pa kwenda.

Unajua mimi kwenu si damu. Baba yangu alipoondoka na yule mwanamke wa Delaware, Mzee, baba yako, ndiye aliyenishika mkono. Yeye ndiye alinifundisha kusafisha bunduki, kusimama kimya nyuma ya msonobari wakati wenzangu wanafukuza kulungu waje upande wangu, na kutokupiga kitu nisichokiona vizuri. Wewe uliolewa na Russell ukahamia Pennsylvania. Mimi nilibaki. Kuni za Mzee nilipasua mimi, pampu ya kisima nilitengeneza mimi, na yalipoanza mambo ya mapafu, hospitali nilimpeleka mimi. Sikudai shukrani. Au ndivyo nilivyokuwa najiambia.

Ukuta wa klabu yetu ya wawindaji unaujua. Anayempiga kulungu risasi akamkosa anakatwa mkia wa shati, na kipande kinapigiliwa msumari pale pamoja na jina lake. Vyangu vimeanzia dirishani vimefika jikoni. Vyako hakuna hata kimoja, tangu ulipokuwa binti wa shule. Na Mzee hajawahi kuniachia: "Garrett, ongeza viwili tu, tutamshonea bibi harusi wako shuka!" Wazee wanacheka mpaka kahawa inawatoka puani. Na mimi nacheka. Nimecheka miaka mingi, dada, lakini kuna kicheko kinachobaki kooni kama mwiba wa samaki.

Russell alipofariki ukarudi kumtunza baba yako. Nilifurahi, hilo usilitilie shaka. Ndipo masika iliyopita, Mzee akiwa pale kambini anakaanga nyama ya nguruwe na mayai, mtungi wake wa hewa umeegemea kiti, akatangaza kwamba ile bunduki yake ya mitutu miwili ni ya Lynette. Akasema atakupa kwa mkono wake, mbele ya watu, kwenye kifungua kinywa cha Jumatatu ya kwanza ya msimu wa kulungu dume. Mmoja wa wazee akamuuliza haraka ya nini, si binti atairithi tu bila usumbufu wa polisi? Mzee akamjibu, "Nikifa ataichukua bila kuulizwa, ndiyo. Lakini nataka nimwone akiishika. Maiti haioni kitu."

Wote wakapiga meza. Mimi nikatoka kwenda kuangalia mbwa.

Ukaanza kushughulikia kadi yako ya polisi, ile ya kuruhusiwa kumiliki bunduki. Nakumbuka ulivyolalamika kwamba kule Pennsylvania mtu anaingia dukani na kutoka na bunduki ya kuwindia kabla chai yake haijapoa, na huku kwetu umechukuliwa alama za vidole kama mwizi wa benki, umewaruhusu wafungue mafaili yako ya hospitali, na juu ya hayo utafute wadhamini wawili wasio ndugu zako. Ulikuja karakana na mkate wa ndizi. Ukaniuliza, nani anakujua kuliko mimi? Nikakwambia nitawaambia unalenga kuliko mkuu wao wa polisi. Ukanipiga na kitambaa cha mafuta, ukasema, "Mpumbavu wewe, watanihesabu jambazi!" Mdhamini wa pili ukamweka rafiki yako Bernadette.

Agosti likaja jibu la mkuu wa polisi. Umekataliwa, kwa ajili ya usalama wa umma. Hakuna jina la mtu, hakuna maelezo. Uliiweka ile karatasi juu ya boneti ya gari langu. Ulisema mtu akishanyimwa huku, kila fomu atakayojaza tena maishani lazima aandike kwamba aliwahi kunyimwa. Halafu ukasema neno ambalo silali kwa ajili yake: "Wadhamini ni wawili, Garrett. Mmoja ni wewe."

Nikainama kutafuta spana ambayo nilikuwa nimeishika.

Ukakumbuka kwamba siku ya Pasaka Bernadette alisema nyumba yenye mzee msahaulifu na mtungi wa hewa si nyumba ya kuweka bunduki. Basi, kwako kesi ikawa imekwisha. Siku mtaa mzima ulipokula chapati za maji pale kituo cha zimamoto ulimrudishia bakuli lake mbele ya watu wote. Ukamwambia, "Chukua chombo chako. Mtu anayekula kwangu na kunisema kwa polisi simtaki mlangoni." Yule mama alibaki na bakuli mikononi, anauliza, "Lyn, nimesema nini? Niambie basi nimesema nini!" Mimi nilikuwa hatua chache kutoka pale na sahani yangu. Nilikula. Nilimaliza zote, nikaenda kuongeza.

Tangu siku hiyo Bernadette haji tena Alhamisi kucheza karata na Mzee. Mzee ananiuliza mimi, eti yule mwizi wa karata ameogopa nini? Namwambia labda ana mafua. Mafua ya tangu Septemba, dada.

Sasa sikiliza ya wiki iliyopita. Mzee alinipigia akaniambia nimchukue, tunakwenda duka la bunduki la Vernon, na bunduki tunakwenda nayo. Njiani nilidhani anataka kurekebishiwa kitako. Tulipofika akamwambia Vernon aandike makabidhiano, kutoka kwake kuja kwangu, maana mimi kadi ninayo na daktari hajampa matumaini ya kuiona Krismasi. Vernon akapiga simu yao ile ya kuhakikisha kama mtu ni msafi, hana kesi. Tukangoja, Mzee anahema, Vernon anatafuna penseli. Jibu likarudi: msafi. Mzee akasaini, mkono unatambaa kwenye karatasi kama konokono.

Kwenye gari nilijaribu kukataa. Nilimwambia angoje, umekata rufaa mahakamani juu ya ile kadi, jaji anaweza kukusikiliza. Akanikatiza kwamba wewe mwenyewe ndiye uliyemtuma. Akasema ulikaa kitandani kwake ukamwambia, "Baba, usife umeishika. Mpe Garrett. Alikuwepo mimi nilipokuwa sipo. Hakuna mwenye haki kuliko yeye." Halafu Mzee akacheka kidogo akasema, "Mimi nimekutania sana kuhusu yale mashati. Ulidhani sikuoni? Mtoto anayekosa kila mwaka na kila mwaka anarudi, huyo ndiye mwindaji."

Dada, nilisimamisha gari pembeni ya mashamba ya kranberi nikasema tairi lina upepo kidogo. Nikashuka. Ndiyo maana mpaka leo nakagua matairi.

Basi, nasema. Bernadette hakusema kitu. Ni mimi.

Julai mpelelezi wa polisi anayewahoji wadhamini alinipigia nikiwa kwenye mtaro natengeneza pampu ya shamba. Kijana mpole tu. Aliniuliza kama unakunywa, nikasema hapana. Kama una hasira, nikasema hapana. Kama najua sababu yoyote ya kukunyima silaha. Hapo ningesema hapana ya tatu, na yangeisha. Badala yake nikavuta pumzi kama mtu mwenye uchungu, nikamwambia kwamba baada ya mumeo kufa ulikaa kitandani majira yote ya baridi, na kwamba uliniambia kwa mdomo wako huoni faida tena. Akauliza, faida ya nini? Nikamwambia, "Alisema hivyo tu, afande. Haoni faida tena."

Unakumbuka ulichosema. Ulinipigia ukiwa na sufuria mkononi, ukasema huoni faida tena ya kupika supu ya mtu mmoja. Tukacheka wote wawili, nikakwambia basi rudi nyumbani upike ya watatu. Na ukarudi. Mimi niliikata sentensi yako kama tunavyokata mkia wa shati, nikampa yule kijana kipande, nikajua kabisa ataupigilia wapi msumari. Sikutamka uongo hata mmoja. Ndivyo nilivyojitetea miezi yote hii. Lakini nilitaka ile bunduki, dada, na zaidi ya bunduki nilitaka ule mkono wa Mzee unaoitoa. Nimeupata, na wewe ndiye uliyenipa.

Jana asubuhi niliitia kwenye mfuko wake, nikaifungia nyuma ya gari, nikaanza kuja kwako. Nilitaka niiache mlangoni nikimbie. Nilishafika kwenye daraja nikakumbuka kwamba huna kadi. Ukiishika tu mbele ya mlango wako, wewe ndiye unayekuwa mhalifu, tena rufaa inakufa hapohapo. Karibu nikukosee mara ya pili kwa kutaka kutubu haraka! Nikageuza, sikusimama popote, nikaenda moja kwa moja kwa Vernon. Iko kwenye sefu yake. Nimemwambia haitoki mpaka aje mwenyewe akiwa na kadi. Akaniuliza mwenyewe nani. Nikamtajia jina lako. Akasema, "Mbona unahema hivyo?"

Sikuombi unisamehe kwa karatasi. Wala usimwambie Mzee kwa niaba yangu, nitamwambia mimi, akinifukuza nitaondoka. Klabu wakinitoa, sawa. Polisi wakinichukulia kadi, sawa pia, ila ukutani wasiguse, vile vipande ni halali yangu.

Nisalimie Mzee na umfunike miguu, baridi imeanza. Nisalimie watoto wa basi lako, hasa yule mkorofi wa kiti cha nyuma. Kesho Jumatatu nampigia wakili wako. Jumatano jioni nakwenda kwa Bernadette, nitasimama nje mpaka afungue. Na Alhamisi hii, tarehe kumi na nne, saa tatu asubuhi, kesi yako itakapoitwa, nitakuwa nimeshakaa ndani ya mahakama. Nitamwambia jaji, mbele ya mkuu wa polisi, sentensi yako nzima, na supu yake ndani. Usiponiona kwenye kiti siku hiyo, njoo na mkasi, na usiishie kwenye shati.

Ni mimi niliyekukosea,
Garrett Estlow