Picha ya Bustanini

Dada yangu,

Sisi wazima, ila paa la jikoni linavuja na fundi anatupiga chenga. Sasa kaa chini nikwambie.

Wachimba mitaro ya maji wamefukua bustani ya jiji, pale kwenye mawaridi ambapo maharusi hupigia picha. Chini wamekuta sakafu ya gereza la wakoloni, pingu za chuma bado zimeng'ang'ania sarujini. Nilipomsimulia Mama, aliacha kuchambua mchele.

"Baba yangu alifia pale," akasema. "Wakapanda maua juu yake. Ningesema, nani angeniamini?"

Kumbe siku ya harusi yako, alipogoma kuingia bustanini kupiga picha nanyi, hakuwa anamkataa shemeji! Miaka yote hii wewe na Mama mmenuniana bure. Nilishusha pumzi mpaka nikacheka peke yangu kama mwehu.

Jana Mama alinishika mkono tukaingia bustanini. Akainama ukingoni mwa shimo: "Shikamoo, Baba." Kisha akakaa, akatengeneza mtandio, akaagiza mpiga picha aitwe. Yule bwana alipoinua kamera, Mama akamzuia kwa kiganja.

"Subiri, mwanangu. Binti yangu mkubwa na mumewe hawajafika."

Basi njooni, msimweke Mama wa watu juani.

Mdogo wako