Nilikataa Dola Tisini za Dereva wa Pili

Meme Saima mpendwa, mama yetu wa ushauri gazetini,

Kong'! Sauti moja tu, ya jiwe chini ya gari, na tangu Jumamosi ile siwezi kutulia, hata hapa maabara ninapofanya kazi nakaa, nasimama, nakaa tena, kwa hiyo nakuomba unishauri kabla sijasaini karatasi iliyomo mkobani mwangu.

Nina miaka ishirini na saba, naishi Windhoek, na kwa miaka miwili nimejinyima ili nipate ada ya shahada ya pili inayoanza Januari, kwa hiyo binamu yangu Taimi alipotangaza harusi nyumbani kaskazini nilikodi gari kwa akili zangu zote: nililipia miezi mitatu mapema, nikachagua dogo kuliko yote, nikalichukulia ofisi ya mjini kwa sababu uwanja wa ndege wanatoza zaidi, nikakataa bima ya nyongeza, na karani aliponiuliza kama kuna mtu mwingine atakayeendesha, dola tisini kwa siku, nikacheka nikamwambia hakuna, ni mimi tu.

Wewe ni mtu wa kaskazini, Meme. Unajua gari likiingia uani siku ya harusi linakuwa la nani. Hata injini sikuwa nimezima, Mjomba Erastus, kaka wa mama, aliyeuza ng'ombe wanne ili nisome, akapenyeza mkono dirishani.

"Ufunguo, Ndeshi. Bibi harusi hapelekwi kanisani na mtoto."

"Mjomba, mkataba unasema niendeshe mimi peke yangu."

"Mkataba ndio uliokuzaa?"

Shangazi zangu wakacheka hadi wakashikana mabega, mmoja akasema, "Mtoto wa Windhoek ametuletea gari la kutazama!" Nikatoa ufunguo. Taimi akakaa mbele na gauni lake lote, mimi nikabanwa nyuma kati ya shangazi wawili, na mjomba, ili tuyatangulie magari mengine yaliyokuwa yakipiga honi, akaacha lami akakata njia ya changarawe. Hapo ndipo lilipolia. Nikaomba tusimame tuangalie.

"Ni jiwe hilo, si bomu," akasema mjomba. "Kanisa linatungoja."

Oili ilimwagika njia nzima, na mita mia mbili kabla ya kanisa injini ikanoki. Taimi alimalizia kwa miguu, gauni mkononi, watu wakiimba kana kwamba ndivyo tulivyopanga.

Kampuni waliponipigia kuuliza nani alikuwa akiendesha, nikasema mimi. Jibu lilitoka lenyewe. Nikisaini hivyo kwenye karatasi ya maelezo waliyonipa, bima italipa na mimi nitabeba elfu kumi na mbili. Nikitaja dereva ambaye hayumo kwenye mkataba, injini yote ni yangu, elfu hamsini na nane, yaani ada yote. Mjomba ananiambia, "Nani alikuona? Waliokuwepo ni ndugu zako watupu." Ni kweli, na hilo ndilo linalonitisha: ukoo mzima utanisitiri bila hata kuombwa. Halafu najiuliza, huu ukweli nautaka kwa sababu ni ukweli, au kwa sababu nimemkasirikia mtu aliyenisomesha? Natakiwa kusaini mbele ya polisi kabla mwezi haujaisha.

Asiyetulia

MEME SAIMA ANAJIBU

Binti yangu, pole. Sasa kaa nikukaripie.

Ulipiga hesabu ya kila kitu isipokuwa watu wa kwenu. Umelelewa uani kwa mjomba wako, halafu ukamwambia karani kwamba hakuna mwingine atakayeshika usukani? Kupunguza gharama ni kuacha usichohitaji. Wewe uliacha ulichokihitaji kuliko vyote. Safari ya harusi, msiba au Krismasi kaskazini, andikisha dereva wa pili kabla hujauliza hata rangi ya gari, na bima ya nyongeza uikatae tu ukiwa unaishia kwenye lami.

Mjomba wako naye aibu imshike. Aliyekusomesha hakukununua.

Usitafute kama moyo wako ni safi, hutamaliza leo. Uongo wa kwenye simu unarekebishika. Ukishasaini mbele ya polisi ni kosa la jinai lenye jina lako. Piga simu leo, useme ulikosea. Omba makadirio ya fundi wa pili, maana bei ya kwanza si amri. Omba kulipa kidogo kidogo. Na mwambie mjomba mapema, kwa mdomo wako, asije akasikia kwa polisi.

NDESHI ANAANDIKA TENA

Meme Saima, gazeti nimelisoma Ijumaa. Nilikwisha kwenda Jumatano.

Nilimpigia mjomba kwanza, nikiwa nimesimama nje ya kituo cha polisi. Nikamwambia naingia kuandika kwamba aliyeendesha ni yeye. Akasema, "Basi andika namba ya leseni yangu sawasawa. Una kalamu?" Akanisomea tarakimu moja moja, akanitaka nizirudie, nikazirudia. Nikaingia ndani nikaandika jina lake, namba yake, na mstari unaosema nilidanganya kwenye simu. Nikasaini.

Chuo nimewaandikia kwamba Januari siji.